Fundo la Baba kwenye Waya wa Msikiti

Plaizi nzuri haijulikani kwa uzito wake wala kwa rangi ya mpini. Ifumbe, iinue mbele ya dirisha, uangalie. Kama meno yake yanakutana sawasawa, mwanga haupiti hata uzi. Kama hayakutani, utaona mstari mwembamba mweupe katikati, na mstari huo ndio utakaokutesa siku zote utakazoishi na plaizi hiyo. Waya utateleza, skrubu italika kichwa, na kila utakachokibana kitakuwa kimebanwa nusu.

Niliishi na mstari huo miaka. Kazi yangu ni kufunga umeme wa sola: taa za nyumbani, redio, mara mojamoja friza la mwenye duka. Hunipeleka Baleni kwenye mashamba ya minazi, hunivusha hadi Juani, na kunirudisha Miburani jioni ushungi ukiwa mgumu kwa chumvi. Kisiwani kwetu hewa yenyewe hula chuma. Kisu ukikisahau nje, asubuhi unakikuta kimevaa koti la kutu. Plaizi zangu za mwanzo zilitoka kwenye mafungu yanayotandikwa chini Kilindoni, na zilianza kukwama kabla mkono haujazizoea. Nilizilainisha kwa mafuta ya cherehani, nikazisugua kwa jivu, nikazivumilia. Mtu huzoea.

Siku niliyokwenda kutafuta plaizi isiyo na mstari, sikwenda kwa ajili ya kazi. Nilikwenda kwa sababu ya baba na neno moja la alfajiri.

Baba ni muadhini wa msikiti wa mtaani kwetu. Ujanani alikuwa mvuvi wa mshipi. Magoti yalipomchoka akahamia msikitini, na sauti yake ndiyo iliyonikuza. Alfajiri, nikiwa bado ndani ya chandarua, ilikuwa ikiniingia kabla sijajijua kuwa niko macho. Wakati ule nyumba haina kuta. Unasikia popo wakirudi kwenye mikorosho, unasikia nazi ikidondoka mahali fulani, unanusa umande juu ya makuti, na katikati ya hayo yote sauti ya baba inaingia kama maji yanayojaa kwenye mikoko, taratibu, bila kuuliza njia. Hujui kama unaiota au unaisikia. Kisha inafika penye neno ambalo ni la alfajiri peke yake, halimo katika adhana nyingine: *Assalatu khairun minannaum*. Sala ni bora kuliko usingizi. Hapo ndipo ndoto inapokuachia.

Kuna kipindi neno hilo lilipotea.

Adhana ilikuwa ikienda vizuri, *Hayya alas-salah* mara mbili, *Hayya alal-falah* mara mbili, kisha kimya. Kilikuwa kimya cha kumtosha mtu kugeukia upande wa pili wa kitanda. Halafu, mwishoni kabisa, kinarudi kipande: *naum*. Usingizi. Sala haikutajwa, ubora haukutajwa. Usingizi peke yake ulielea juu ya minazi kama neno la mtu anayeota kwa sauti. Baada ya hapo takbira ya mwisho ilitoka safi, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwanzoni watu walicheka. Jirani yetu mmoja, mama anayelima mhogo nyuma ya nyumba, aliniambia tukiwa kisimani kwamba muadhini wetu anasinzia penye neno la usingizi, na kwa kuwa yeye jirani ni mtiifu kwa muadhini wake, naye hapo hapo anasinzia. Mwenziwe akasema baba anakula maneno kwa sababu mama yangu hampi kitu asubuhi. Habari zikamfikia mama. Akajibu kwamba chai anampa, na mkate wa kumimina juu yake, na asiyeamini adamke aje aone, asisahau kuja na kikombe chake.

Kicheko kilipungua siku zilivyokwenda, kwa sababu kila mmoja mtaani alimkumbuka baba mkubwa, kaka yake baba. Naye alianza vivyo hivyo. Maneno madogo yalimtoka, kisha majina ya wanawe, mwisho akawa anakaa kwenye baraza lake mwenyewe akiuliza nyumba hii ni ya nani. Baba ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha mpaka mwisho wake. Kwa hiyo walipomwambia kuwa analiruka neno, hakubisha sana. Alisema anakumbuka amelisema. Kisha akasema polepole kwamba hata kaka yake alikuwa anakumbuka.

Toka siku ile alibadilika kwa namna ambayo mgeni asingeiona. Alianza kututaja kwa majina yetu yote, sisi wanawe, hata pale alipokuwa anaomba chumvi tu. Alikuwa akitoka nyumbani na kurudi kuhakikisha amefunga mlango. Akikaa na mama jioni alimuuliza habari za zamani, nani alioa wapi, jahazi la nani lilizama, na mama alipojibu yeye aliitikia kwa kichwa kama mwalimu anayesahihisha. Nilitambua baada ya muda kwamba majibu aliyajua. Alikuwa anajipima.

Jioni moja mwenyekiti wa kamati ya msikiti alikuja barazani. Ni mtu mwema, na kwa wema wake alizunguka sana kabla ya kufika. Aliisifu kahawa. Alisema msikitini kuna harufu ya samaki upande wa dirishani, haiishi hata wakifukiza udi, na anashuku paka. Alisema amplifaya ameikagua mwenyewe baada ya adhuhuri na inasema vizuri. Waya nao ameushika, umekaza barabara. Halafu alfajiri hizi za karibuni wamemjaribu kijana mmoja anayeendesha bodaboda, mwenye sauti tamu, na neno limetoka lote, herufi kwa herufi. Baba mwenyewe ndiye aliyempisha.

"Hatumwondoi," akamwambia mama, maana baba alikuwa anatazama pembeni. "Tunampumzisha."

Mama akaanza kukusanya vikombe ambavyo havijaisha kahawa. "Mtu hupumzishwa akichoka. Huyu hajachoka. Mmechoka nyinyi."

Mwenyekiti akacheka kidogo, akavaa viatu. Ijumaa, baada ya sala, wangetangaza.

Nilimtazama baba mikono. Alikuwa ameishika mishipi yake ya zamani, ile anayoitundika kwenye msumari wa barazani ingawa haendi tena baharini, na vidole vyake vilikuwa vinafunga na kufungua fundo lile lile.

Nina tabia ya kuuliza nani, wapi na lini kabla ya kuuliza kwa nini. Umeme ndio ulionifundisha. Taa inayozimika haikwambii sababu, lakini ukiingojea kwa utulivu itakwambia saa. Basi nililala macho alfajiri zilizofuata na kusikiliza kama fundi, si kama mtoto. Neno lilipotea alfajiri yenye umande mzito kuliko alfajiri kavu. Adhuhuri adhana ilitoka nzima. Na kila ilipokatika, ilikatika pale pale, baada ya *Hayya alal-falah*. Mtu anayesahau hasahau kwa nidhamu namna ile.

Jibu nililiona Jumanne, baada ya alasiri, bila kulitafuta. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha uani nikisugua plaizi kwa jivu. Jua lilikuwa limelegea, na majani ya mhogo yalikuwa yanatikisika bila sauti. Nyuma ya shamba la jirani alikuwa amesimama baba, ameelekea kibla, mswaki wake wa mti mkononi, ameushika mbele ya mdomo kama maiki. Alikuwa anajifunza adhana. Mtu aliyeadhini tangu sijavunja ungo alikuwa amejificha kwenye mihogo, anajifunza.

Sauti aliishusha mpaka ikawa kama pumzi. Alipofika *Hayya alas-salah* akageuka kulia, kama alivyofundishwa utotoni, ili waliopo upande huo wapate haki yao. Alipofika *Hayya alal-falah* akageuka kushoto, na mkono wenye mswaki ukasafiri naye. Kisha akarudi mbele akasema lile neno, lote, mara mbili. Akavuta pumzi, akaanza upya kutoka mwanzo. Nikaacha kusikiliza mdomo, nikautazama mkono. Kulia, kushoto, mbele.

Katika msikiti wetu waya wa maiki unaingia kwa dirisha la kulia.

Nikamkumbuka kijana wa bodaboda. Nilipita njia ya msikitini siku walipomjaribu na alasiri pia, dirisha likiwa wazi. Alikuwa amesimama wima, maiki imegusa midomo, hageuki huku wala huku, kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Adhana aliijifunza kwenye simu, na simu humwonyesha mtu uso tu. Haimwonyeshi shingo.

Jumatano asubuhi, watu wakiwa mashambani na msikiti ukiwa mtupu, nilimwomba baba anifungulie. Hakuuliza sababu. Nilitawadha, nikaingia nyuma yake. Sikuwa nimewahi kufika mbele kule, sehemu ya wanaume. Mikeka ilikuwa baridi, na mwanga wa dirishani ulilala juu yake kama shuka iliyoanikwa. Kabla sijauona waya niliisikia harufu, na harufu hiyo haikuwa ya paka. Ilikuwa ya utoto wangu, ya ngalawa zilizopinduliwa kwenye mchanga: sifa, mafuta ya papa yanayopakwa mbao ili maji yasiingie.

Chini ya dirisha, waya ulikuwa na fundo.

Nimeona maungio mengi ya waya yaliyofanywa vibaya. Hili halikuwa baya. Lilikuwa zuri kupita kiasi. Ncha zilikuwa zimemenywa, zikasokotwa pamoja, kisha waya wote ukafungwa fundo la mshipi lile linalozidi kukaza kadiri samaki anavyovuta. Juu yake ukazungushwa uzi wa kuvulia, mzunguko ukilala kando ya mzunguko bila nafasi, halafu pote pakapakwa sifa mpaka pakawa na rangi ya asali. Ungeweza kumvuta papa kwa waya ule. Ndiyo maana mwenyekiti alipoushika aliuona umekaza barabara. Ulikuwa umekaza kuliko waya wowote kisiwani.

"Nani kalifunga hili?" nikauliza, ingawa mkono niliutambua.

"Mimi. Panya walitafuna. Wewe ulikuwa Juani."

"Ungeningoja, baba."

"Nikungoje kwa fundo?" Alionekana kushangaa kweli. "Waya si kamba tu, mwanangu? Kamba ya shaba."

Nilimpa maiki na kumwomba ageuke kama anavyogeuka alfajiri. Akageuka kulia, waya ukalegea sakafuni. Akageuka kushoto, ukainuka, ukanyooka, ukavuta fundo kutoka ukutani. Nikamweleza taratibu, nikishika fundo kwa vidole viwili. Fundo limeshika kama alivyotaka, lakini lililoshika ni ganda la nje. Ndani, zile nyuzi za shaba nyembamba kama nywele zimekaa zimegusana tu, na sifa na chumvi vimepita katikati yake. Zikiwa kavu na zimetulia, sauti inapita. Umande ukiingia, na waya ukivutwa kisha ukaachiwa anaporudi mbele, zinaachana kidogo, kiasi cha kucha. Sauti inakatika mpaka waya utulie tena.

Alinisikiliza huku amelitazama fundo. Nilidhani ataona haya, au atalitetea. Aliketi kwenye mkeka, maiki mapajani.

"Kwa hiyo nilikuwa nalisema," akasema.

"Ulikuwa unalisema."

"Kila siku?"

"Kila siku, baba. Lilikuwa linaishia hapa."

Aliweka kiganja juu ya fundo kama mtu anayemlaza mtoto. Hakutoa machozi, wala hakunishukuru. Nikatazama mwanga wa dirishani ukisogea kutoka mkeka mmoja kwenda mwingine. Nje jogoo aliwika bila saa maalumu. Mwishowe akaniuliza kama lazima fundo likatwe. Nikasema lazima. Akafikiri, akasema basi nikate, lakini nisilifungue, maana fundo lile halijawahi kumwachia samaki.

Sikulikata siku ile. Nilizijua plaizi zangu. Njia ya kuunga nyuzi nyembamba mahali panapovutwavutwa ni kuziingiza kwenye mrija mdogo wa shaba, kisha kuubana mrija mpaka shaba na shaba ziwe kitu kimoja. Kuchomelea kwa risasi ya kuyeyusha nako kunawezekana, lakini waya unaotikiswa kila siku hukatika pale risasi inapoishia. Nilitoa mfukoni kipande cha waya na mrija, nikajaribu kwanza hapo hapo mkekani. Nilibana kwa nguvu zangu zote. Mrija ukawa bapa upande mmoja, na nilipovuta, waya ukatoka kama mguu unavyotoka kwenye kandambili. Nikaiinua plaizi mbele ya dirisha la msikiti. Ule mstari mweupe ulikuwepo, mpana kuliko nilivyoukumbuka.

Mchana nikaenda Kilindoni. Lipo duka la vifaa la mzee mmoja ambaye babu zake walitoka Omani wakapanda minazi, na mpaka leo mizani ya mbata inaning'inia mlangoni ingawa anachouza ni misumari, rangi na mabomba. Wengi hawaendi kwake kwa sababu ana maneno.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, binti fundi. Umekuja kununua au kukagua?"

Nikamjibu vyote viwili. Akanisogezea boksi la plaizi zenye mipini ya kung'aa, zile zile za kwenye mafungu. Nilichukua moja, nikaifumba, nikaiinua kwenye mwanga wa mlango, nikairudisha. Ya pili ilicheza kwenye kiungo chake kama jino la mtoto. Ya tatu ilinuka mpira uliooza. Yeye alikuwa anahesabu tasbihi yake huku akinitazama kwa raha ambayo hakuificha.

"Hizo wenzio hununua, wakirudi hununua tena," akasema. "Wewe unataka kununua mara moja. Unataka nile wapi?"

Nikamweleza ninachotaka: moja ya mdomo mrefu yenye meno yanayokutana, na moja ya kubania mirija. Sikutaja msikiti. Nilisema tu kwamba kuna mahali waya unatikiswa na mtu asiyeweza kuacha kuutikisa. Akanitazama kidogo, akaacha tasbihi, akaingia ndani. Alirudi na kifurushi cha kitambaa kilicholoa mafuta. Alikiagiza Dar es Salaam, alisema, kwa ajili ya fundi wa mashine ya barafu, na fundi akahama kabla boti haijafika. Tangu hapo vitu vile vilikuwa vinalala kwenye saraka, na yeye anavigeuza kila mara visiote kutu.

Alichomoa uzi mmoja kwenye pindo la kanzu yake, akauweka kwenye makali ya ile ya mdomo mrefu, akafumba kwa vidole viwili tu. Uzi ukaanguka vipande viwili bila kuvutika. Kisha akainua plaizi mlangoni, akanipisha nitazame. Barabara ya Kilindoni ilikuwa inawaka jua nyuma yake, na katikati ya meno hakukuwa na kitu. Kulikuwa giza safi.

Ile ya kubania ilikuwa ya ajabu zaidi. Ilikuwa nzito, na vitundu vyake vimewekewa alama, nyekundu, buluu na njano, kwa ukubwa wa mirija. Ukianza kuifumba inatoa mlio mdogo, tik, tik, tik, na ukitaka kuiachia katikati inakataa. Haifunguki mpaka umebana hadi mwisho.

"Hiyo haikubali kazi nusu," akasema. "Ukiianza, utaimaliza. Na ukitia kidole, umetia kidole."

Nikauliza bei. Nikahesabu noti mara mbili, kisha nikalipa. Alivifunga upya kwenye kile kitambaa, akaniambia nivipake mafuta ya cherehani na si ya nazi, maana ya nazi huganda na kunuka. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Mwambie baba yako namsubiri alfajiri," akasema. "Upepo ukitoka huko kwenu, sauti yake inafika mpaka hapa."

Sijui alijuaje.

Alhamisi alfajiri neno lilipotea kama kawaida. Kwa mara ya kwanza nilikisikiliza kimya kile bila woga. Nilikuwa ndani ya chandarua, macho nusu, na niliweza kulifuata neno lilivyotoka kinywani mwa baba, likapita mkononi, likaingia kwenye waya, likafika chini ya dirisha, likakaa humo ndani ya fundo, likinuka sifa. Niliwaza maneno yote ya siku zile yamo humo, yamelala. Kisha *naum* ikavuka peke yake, ikapita juu ya paa letu, na popo wakaipokea.

Baada ya adhuhuri tulibaki msikitini wawili. Nilikata waya pande zote za fundo. Plaizi mpya ilikata kwa sauti ya mtu anayevunja kijiti kikavu, na fundo likabaki kiganjani mwangu, gumu, linang'aa. Nilimpa baba. Akalinusa, akalitia mfuko wa kanzu. Nilimenya waya mpaka nikapata shaba safi ya waridi isiyo na chumvi, nikasokota, nikaingiza kwenye mrija, nikafumba ile ya kubania. Tik, tik, tik. Baba aliinama karibu, sikio limeelekea mkononi mwangu. Ilipofika mwisho ikajiachia yenyewe.

Nilipomaliza nyuzi zote akanyoosha mkono. Hakuwa na nia ya kuniamini kwa maneno. Alizungusha waya kwenye kiganja kama anavyozungusha mshipi, akavuta upande huu, akavuta upande ule, taratibu kwanza, kisha kwa kishindo, kama samaki mkubwa anapogundua amenaswa. Mrija haukusogea.

"Umeshika," akasema. Baadaye kidogo, kama vile amekumbuka adabu, akaongeza, "Hata mimi ningelifunga hivi, ningekuwa na kitu hicho."

Nikafunika maungio kwa kibomba cha mpira kinachosinyaa kwa moto, nikabandika waya ukutani, nikauachia urefu wa ziada sakafuni, wa kutosha mtu kugeuka kushoto anavyotaka. Tulifuta ukuta na sabuni. Baba aliomba tusimwambie mwenyekiti kitu. Alitaka wasikie.

Ijumaa niliamka kabla ya wakati. Mama naye alikuwa macho chumba cha pili, nilimsikia akijigeuza. Hakuna aliyewasha taa. Umande ulikuwa mzito kiasi cha kudondoka kwenye makuti kama mvua ya watu wengine, mvua ya mbali. Spika ikakoroma, ikatulia, na baba akaanza.

Ilikuja taratibu kama siku zote. Ilipofika *Hayya alas-salah* nilimwona, ndani ya giza la chandarua, akigeuka kulia. Kisha kushoto. Mkono wangu ulikuwa umejifumba juu ya shuka, na nilihisi ule mlio mdogo, tik, tik, tik, mahali ambapo huwezi tena kuachia.

*Assalatu khairun minannaum.*

Lote. Lilipita juu ya paa zima, likaenda kwenye mihogo na mikorosho, likaenda upande wa Kilindoni. Akalirudia mara ya pili, na mara ya pili aliliburuza kidogo kuliko inavyohitajika, kama mtu anayepitisha mkono juu ya kitu chake kilichorudishwa. Mtaa mzima ulikuwa kimya. Kwenye nyumba ya jirani wa mihogo mtu alikohoa, mlango ukafunguka.

Mchana ule, baada ya sala, mwenyekiti alitangaza habari ya kusafisha tangi la maji, akashukuru kwamba ile harufu imeondoka, akakaa. Baba ndiye aliyesimama. Alisema magoti yake hayapendi ngazi za msikiti mara tano kwa siku, na kwamba kama kijana wa bodaboda yupo tayari, amchukulie adhuhuri na alasiri. Alfajiri itabaki yake. Halafu, waliniambia waliokuwepo, alimwita kijana mbele, akamshika mabega, akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto, mbele ya watu wote, mpaka kijana akaanza kucheka na watu wakacheka naye.

Plaizi zile bado ninazo. Nazifuta kila jioni na kuzifunga kwenye kipande cha kanga ya mama, na meno yake mpaka leo hayaonyeshi mwanga. Fundo liko barazani, limetundikwa kwenye msumari pamoja na mishipi. Baba hulishika akipita, bila kulitazama.

Na alfajiri, hata sasa, huamka kidogo kabla ya neno kufika, nikaingoja ile nafasi lilipokuwa likianguka. Halianguki. Linapita lote mpaka mwisho, nami nabaki nimelala, kati ya ndoto na chandarua, nikilisikiliza likienda mbali. Ndipo mama anapogonga ukuta kwa ngumi kutoka chumba cha pili.

"Keshasema," anasema. "Amka basi."